Kibali cha Mwavuli

Nyoosha aliingia uchochoro wa nyuma ya mgahawa kwa haja ndogo tu, haja ya kibinadamu kabisa, na laiti angepata nafasi ya kuitimiza kwa amani, watu kadhaa wangelala vizuri wiki ile. Bahati mbaya alikuwa amebeba faili la bluu. Ndani yake mlikuwa na gazeti la juzi na chanuo. Alilibeba kila aendako kwa sababu mwenye faili hasimamishwi kwenye foleni, na mlinzi humfungulia mlango kabla hajakohoa. Akasukuma mlango wa jikoni aulize choo kiko wapi.

Hakuuliza. Mwanamume mrefu mwenye unga hadi kwenye nyusi alimwona, akaliona faili, akajitupa nyuma ya magunia. Muosha vyombo, mtu mzima mwenye mvi zake, alirukia dirisha, tumbo likakwama, miguu ikabaki ndani ikipiga hewa mateke. Mwanamke aliyekuwa akikoroga sufuria akavua aproni, akavuta kiti, akakunja nne na kuanza kusoma orodha ya vyakula aliyoishika juu chini, kama mteja ambaye siku zote hula kando ya jiko.

Mara akatokea mwenye mgahawa, mnene wa shingo, mwembamba wa mkono wa kutoa. Mjini walimwita Bosi Kesho, maana kwake mshahara ulikuwa kesho, likizo kesho, na vibali vya kazi vya wageni wake vilikuwa kesho kwa mwaka wa pili sasa.

"Afande, karibu sana afande!" alisema huku akifuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi. "Hawa si wafanyakazi. Hawa ni jamaa zangu. Wamekuja kutembea."

"Jikoni?"

"Wanapenda vyombo, afande."

"Na yule wa dirishani anapenda nini?"

Bosi Kesho aliitazama ile miguu. "Hewa," akasema.

Sasa, Nyoosha angeweza kusema ukweli. Lakini kumkatalia mtu heshima aliyokupa kwa hiari yake ni utovu wa adabu, na mama yake alimlea vizuri. Isitoshe hakuitwa Nyoosha bure. Hakuna jambo lililopinda, liwe hati ya kiwanja au uchumba uliovunjika, ambalo hakuwahi kuahidi kulinyoosha, akachukua chake na kuliacha limepinda zaidi. Akavuta pumzi, akaweka faili mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Mimi," akasema, "ni Mkaguzi Mkuu Msaidizi wa Wageni, Vibali na Mengineyo. Nimefunga safari ndefu. Sijala."

Akala. Akala kuku mzima na wali, akateremsha na vikombe viwili vya chai, akasema upelelezi wa awali umekamilika ila kesho atarudi kwa upelelezi wa kina. Choo alionyeshwa pia, tena kile cha bosi.

Tapeli mchanga angerudi kesho yake mikono mitupu, na njaa tu ya kumpa ujasiri. Nyoosha hakuwa mchanga. Alikwenda kwenye ofisi ya uhamiaji yenyewe, akaketi chumba cha kungojea katikati ya watu wenye wasiwasi na bahasha, akachukua kijitabu cha bure na kukisoma chote, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu atoke shule. Alinakili vifungu. Alivikariri njia nzima akirudi, akiwatisha wapita njia kwa kidole. Tapeli hodari husema kweli tisa, ili ya kumi ipite katikati yao kama bwana harusi.

Kesho yake Bosi Kesho aliwapanga wafanyakazi wote watatu mbele ya meza: mwoka mikate, muosha vyombo mwenye alama ya dirisha tumboni, na yule mwanamke, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi mkuu. Nyoosha alisimama. Mikono nyuma.

"Viza ya matembezi," alianza, "ni ya kutembea. Siyo ya kukaanga! Mgeni akikutwa kazini bila kibali ni faini, au jela, au vyote viwili, kisha anarudishwa kwao, na jina lake linaandikwa asikanyage hapa tena."

Mwoka mikate akarudi hatua moja kuelekea magunia.

"Na mwajiri je?" Nyoosha aligeuka ghafla, Bosi Kesho akaruka. "Faini kwa kila kichwa! Vichwa vitatu, faini tatu. Na leseni ya mgahawa hiyo inaning'inia kwa uzi."

"Afande, vibali viko njiani," alilia Bosi Kesho.

"Vinakuja kwa miguu? Mwaka wa pili huu!"

Mpishi akainua mkono. Lugha yetu alijifunza ukubwani, kwa hiyo aliizungumza ikiwa imepigwa pasi, kila neno limefungwa vifungo hadi shingoni. "Samahani, mheshimiwa. Mtu anayezishika pasipoti za wenzake na kuzifungia katika droo, yeye anasemwaje na sheria?"

Nyoosha alipaswa kunusa hatari hapo. Lakini kulikuwa na hadhira, na ulimi wake ulikuwa kama gari kwenye mteremko.

"Hilo ni kosa jingine kabisa! Pasipoti haishikwi na mwajiri hata kwa utani. Na kazi iliyofanywa hulipwa, kibali kiwepo kisiwepo. Tena mfanyakazi aliyedanganywa na mwajiri, akajitokeza mwenyewe ofisini kabla hajakamatwa, husikilizwa na kupewa muda wa kutengeneza karatasi zake."

"Kifungu hicho cha mwisho," alisema mpishi, "naomba ukirudie, tafadhali. Polepole."

Akakirudia. Polepole, kwa madaha, na namba ya ukurasa juu yake.

Bosi Kesho kijasho kilikuwa kinamtiririka hadi kwenye soksi. Alifungua droo, akatoa pasipoti tatu, akazisukuma mbali kana kwamba zina moto. Nyoosha akazidaka. "Hizi nazichukua kwa uhakiki," akasema, akazitia kwenye faili kando ya chanuo. Watu watatu walizitazama zikizama humo, na hakuna aliyecheka. Muosha vyombo alifumba macho.

"Bosi," Nyoosha alishusha sauti, "nimekupenda. Ipo njia moja. Kibali cha Mwavuli."

"Cha nini?"

"Cha mwavuli. Karatasi moja, wageni wote walio chini ya paa moja wanajikinga humo. Hakitangazwi. Watu wangekanyagana."

Macho ya Bosi Kesho yakapata uhai. "Na nikiajiri wengine baadaye?"

"Mwavuli una kikomo? Wasogee tu."

"Hata kumi?"

"Hata kumi, wakiwa wembamba."

Nyoosha akamnong'oneza bei. Bosi Kesho akashika kifua, akawaza, kisha akatabasamu. "Nitaikata kwenye mishahara yao," alisema. "Mwavuli ni wao."

Mpishi akapiga hatua mbele. "Mheshimiwa, kwa kuwa umezichukua pasipoti zetu, tunaomba risiti."

Haikuwahi kutokea. Miaka yote ya kazi yake hakuna mtu aliyewahi kumwomba Nyoosha risiti, na ombi lenyewe lilimpandisha mabega. Aliandika kwa mwandiko wa kulala: pasipoti tatu, zimepokelewa na Mkaguzi Mkuu Msaidizi, akatia sahihi yenye mikia mitatu. Mpishi akaikunja mara mbili, akaitia kifuani, akashukuru kwa kuinama kidogo.

Siku iliyofuata Nyoosha aliishinda kwenye kibanda cha kuchapa, akitunga Kibali cha Mwavuli. Hakuwa na haraka na maneno. Aliandika "ilhali", akaandika "kwa mujibu wa", akaandika "hivyo basi" mara nne. Alisoma, akafuta, akasoma tena, na mwenye kibanda anasema aliona chozi. Upungufu ulikuwa muhuri tu. Alikuwa na mmoja, wa daktari wa mifugo aliyehama mji, basi akaugonga kwa mkono mwepesi ili wino usisomeke vizuri.

Asubuhi iliyofuata alifika mgahawani na faili lake, anapiga mluzi. Mpishi alikuwa akimsubiri kwenye uchochoro.

"Mheshimiwa, wenzako wamefika."

"Wenzangu gani?"

"Maafisa wa uhamiaji. Wawili. Wapo ndani na bosi, na mmoja ameshika risiti uliyotuandikia. Wanakutafuta, kwa kuwa ofisini kwao hawakujui."

Mluzi ulimfia mdomoni. Aligeuka akimbie, lakini kwenye mdomo wa uchochoro gari lao lilikuwa limekwisha kuja kuziba njia, na dereva ameliegemea akichokonoa meno. Kwenye kile kijitabu, kujifanya afisa wa serikali kulikuwa na ukurasa wake peke yake, na Nyoosha aliukumbuka, hasa hesabu ya miaka.

"Dada yangu," akanong'ona, "nifiche."

"Aproni hii hapa. Watu wa jikoni hawaulizwi cheo." Alimtazama kwa huruma nyingi mno. "Lakini faili hilo, wakikukuta nalo, umekwisha. Nipe mimi."

Alimpa. Alimpa kwa mikono miwili na ahsante juu! Akajifunga aproni, akajitumbukiza jikoni na kuvamia kapu la vitunguu. Alimenya kama mtu aliyezaliwa kwenye vitunguu, machozi yakimchuruzika, mengine ya vitunguu na mengine yake mwenyewe. Dirishani aliuona mkono wa mpishi ukigawa pasipoti: moja kwa mwoka mikate, moja kwa muosha vyombo, ya tatu ikatoweka palepale ilipokaa risiti.

Mlango ukafunguliwa. Afisa alikuwa mama mfupi wa miwani, sauti ya chini, aina ya mtu ambaye hupigi kelele mbele yake. Nyuma yake msaidizi na daftari, nyuma ya msaidizi Bosi Kesho, na nyuma ya wote mpishi, amekunja mikono, pamoja na wenzake wawili.

"Na huyu?" mama alimuuliza Bosi Kesho. "Hukumtaja. Na wewe wa vitunguu, una kibali cha kazi?"

Akili ya Nyoosha ilipiga hesabu ya haraka. Afisa bandia ni jela ndefu. Mgeni asiye na kibali ni faini, na safari ya bure kurudi kwao, popote pale kwao patakapokuwa. Akatoa macho, akatikisa kichwa. "Zumbala pekete," akasema. "Pekete bundo."

"Haijui lugha," alisema msaidizi akiandika. "Mgeni wa nne."

Afisa alimgeukia mwoka mikate. "Wewe, ni mtu wa kwenu huyu? Anasemaje?"

Mwoka mikate alijikuna unga. "Anasema anaipenda sana kazi," akajibu kwa uso mkavu. "Anaomba aongezewe vitunguu."

"Zumbala!" alipinga Nyoosha.

"Anasema hata gunia zima."

"Kichwa cha nne, faini ya nne," msaidizi alisoma kwa sauti, na hapo Bosi Kesho akashindwa kuvumilia.

"Huyu si mfanyakazi wangu! Huyu ni afande! Ndiye Mkaguzi Mkuu mwenyewe, amekula kuku wangu mzima!"

"Pekete!" alifoka Nyoosha, akimkonyeza Bosi Kesho kwa macho yote mawili.

"Mwenzio anasema wewe ni afisa usiye na ofisi," alisema mama kwa utulivu. "Wewe unasema ni mgeni usiye na kibali. Chagua moja, tuandike tukale." Kisha akafungua faili la bluu, ambalo mpishi alikuwa amemkabidhi, akatoa Kibali cha Mwavuli na kukisoma kimya. Kona ya mdomo wake ikacheza. "Muhuri unasema 'Amechanjwa'," akamwambia msaidizi. "Hilo nasamehe. Lakini tazama uandishi huu! Ukurasa mmoja, makosa saba. Aliyeandika hii ni mbumbumbu, hajawahi kushika kalamu."

Nyoosha alishika ukingo wa meza. Alijitahidi, na hilo tumpe haki yake. Aliuma ulimi, akatazama dari, akawaza jela. Lakini kuna mambo mtu mwenye kazi yake hawezi kuyameza.

"Saba?" aliuliza, kwa lugha safi kuliko ya wote jikoni mle. "Saba yako wapi, mama? Nimeihakiki mara tatu!"

Kitunguu kilibingirika mezani kikaanguka.

"Hakuna hata moja," alisema mama, akivua miwani aifute. "Imeandikwa vizuri sana. Msaidizi, lete pingu."

Kilichofuata jikoni hakikuchukua muda. Bosi Kesho aliandikiwa vichwa vitatu na pasipoti tatu juu yake, akaagizwa alipe mishahara ya nyuma siku ile ile, na mara hii hakupata mtu wa kumwambia kesho. Wageni watatu, kwa kuwa walijitokeza wenyewe, walipewa barua ya muda na orodha ya karatasi za kuleta. Muosha vyombo aliisoma barua yake akitembea, akatokea mlangoni, mlango wa mbele.

Nyoosha aliketi nyuma ya gari, mkono mmoja umefungwa pamoja na wa Bosi Kesho, ambaye naye alikuwa anapelekwa ofisini kutoa maelezo, na bado anamdai kuku. Mpishi akasogea dirishani. Alikuwa amevua aproni, na usoni alionekana mdogo kwa miaka mitano.

"Kaka," alimwita, ile mheshimiwa ilikuwa imekwisha. "Nimekuja kukushukuru. Usiku ule baada ya hotuba yako sikulala. Asubuhi nilikwenda ofisini kwao nikitetemeka, nikawauliza kifungu kimoja kimoja."

"Wakasemaje?" Nyoosha alijikuta anauliza.

"Kila neno ulilotuambia lilikuwa la kweli."

Gari likawaka. Nyoosha aligeuza uso upande wa pili na kuinamisha kichwa. Miaka yote ya kazi yake ameitwa mwizi, ameitwa mlaghai, ameitwa na majina ya wanyama wengi wa porini. Lakini tusi kama lile, tena mbele za watu, hakuwahi kutukanwa.