Ngege Tumbo Juu

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mungu ni mkubwa! Kwaya ya akina mama wamenichagua mimi niwashonee magauni kumi na mawili ya Pentekoste. Siyo Lornah wa ng'ambo ya barabara, mwenye diploma ukutani. Mimi, niliyeachia darasa la sita! Miaka mitatu soko zima linaniita Mama Zipu, maana huniletea zipu tu. Kazi hii ikikubalika, nitaitwa dizaina. Ikikataliwa, ni zipu hadi kaburini. Debra, mwenyekiti wa kwaya, ameleta kitenge chekundu chenye picha za samaki, ngege wakubwa. Akauliza kama nitaweza. Nikacheka kwa sauti.

Jumanne, 3 Juni
Nimekata. Bila karatasi, kwa macho. Na nimegundua kitu! Nikigeuza vipande vya mgongo juu chini, vinaingiliana vizuri na vya mbele, na kitambaa cha gauni la kumi na tatu kinabaki. Langu! Nitakaa kiti cha mbele, watu waulize nani ameshona. Binti yangu Dorca akasema, mama, si hii kitambaa iko na juu na chini? Nikamwambia kichwa ni cha mtu, si cha kitambaa. Halafu nikamwonea huruma, nikamwongezea mboga.

Alhamisi, 5 Juni
Lornah amekuja kuomba uzi mweusi. Yeye anayeuza uzi! Akaangalia magauni kwenye kamba, akaniambia pole. Nimemwombea. Wivu ni ugonjwa.

Ijumaa, 6 Juni
Kwaya wamekuja kujaribu magauni. Sasa, hawa akina mama wote huuza samaki ufuoni. Mbele ya gauni ngege wanaogelea vizuri. Nyuma wote tumbo juu. Rachael wa kwaya akamzungusha mwenzake Nasike kama mandazi ndani ya mafuta, akasema ngege akielea hivyo hata ndege humruka. Yeye hajawahi kuuza samaki aliyeoza, na hataanza kumvaa mbele ya askofu. Nasike akauliza kama wanatakiwa pia kunuka. Debra akasema, Mama Zipu, kesho saa nne yawe sawa, ama tumpelekee Lornah. Mama Zipu! Nimelia nyuma ya cherehani. Kidogo tu.

Jumamosi, 7 Juni
Nimezunguka soko la Kibuye lote. Kitenge kile kimekwisha. Saa nne Debra akaingia, mkono kiunoni. Nikafungua mdomo niombe msamaha, likatoka neno lingine kabisa: mbele ni maisha mapya, nyuma ni dhambi zilizokufa, tumeziacha! Akauliza mbona sikusema jana. Nikamwambia ufunuo hautolewi mbele ya watu wanaocheka. Akaketi. Akaomba maji. Akabeba magauni yote.

Jumapili, 8 Juni
Kwaya wakaimba vizuri, wakageuka kurudi kwa viti. Mzee Laban, mvuvi, akasema kwa sauti kwamba ngege hao wamekaa siku mbili bila barafu. Kanisa lote kicheko. Nikaomba ardhi inimeze. Debra akashika maikrofoni, akaeleza. Askofu akasimama! Akasema amesikia mahubiri mengi, haya ndiyo ya kwanza kushonwa. Makofi. Akauliza dizaina ni nani. Dizaina!

Shida moja. Gauni langu la mabaki lilitoka kinyume: wazima nyuma, wafu mbele. Ibada nzima nimekumbatia Biblia na mkoba. Mlangoni Laban akauliza, kwani Mama, wewe unaelekea wapi? Nikamwambia nyumbani. Lornah naye akataka kujua wazo lilitoka wapi. Kufunga na kuomba, nikamjibu. (Asubuhi nilikula chapati nne.)

Jumatano, 11 Juni
Kwaya kutoka Pap Onditi wamefika na kitenge cha ng'ombe. Wanataka magauni ya sikukuu ya mavuno, yenye maana kama yale. Dorca akanisihi safari hii tukate vichwa vyote upande mmoja. Nikamwambia akunje, ageuze, na langu libaki. Akauliza ng'ombe miguu juu ni maana gani. Huyu mtoto wangu ana imani ndogo. Wanakuja kujaribu Ijumaa. Mungu ana siku mbili nzima za kunionyesha maana.