Jibu Langu la Swali la Saba

Jumatano, tarehe sita Mei, baada ya kuosha vyombo

Mpendwa Baba Mchungaji,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Ukiitikia "Amina" hapo ulipo, nami nimeipokea. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba barua ya malalamiko iwe fupi na isiwe na hasira. Hasira sina. Ufupi ndio utakaonishinda, kwa sababu nimeweka nadhiri kukueleza yote, hata yale ambayo nyumbani tunayasema tukiwa tumefunga dirisha.

KUH: KUOMBA ALAMA YANGU MOJA YA MTIHANI WA KIPAIMARA

Mimi ni yule msichana anayekaa karibu na nguzo, binti wa seremala na muuguzi wa zahanati. Jumamosi iliyopita Mwinjilisti alitupa mtihani wa maswali kumi. Anayepata saba anapokea kipaimara Jumapili ya tarehe kumi na saba. Anayepata sita anangoja mwakani. Nimepata sita.

Swali lililoniangusha ni la saba. Liliandikwa hivi: "Ni nini kilicho na mamlaka ya mwisho juu ya maisha ya Mkristo ya kila siku? Jibu kwa neno moja." Wenzangu wote waliandika "Neno". Aliyekaa mbele yangu aliandika "Nene", akapewa alama kwa huruma. Mimi niliandika "Watu". Mwinjilisti alichora alama nyekundu ya mkasi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, na pembeni akaandika: "Umekosa. Huu si mzaha."

Ni kweli si mzaha. Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Swali halikuuliza habari za Jumapili. Lingeuliza za Jumapili, ningeandika Neno kama wengine, maana Jumapili tunalisoma, tunasimama likisomwa, na mama hulibeba ndani ya mfuko wenye zipu. Swali lilisema "ya kila siku". Nimehesabu siku za juma zilizobaki, ni sita, na siku sita ni nyingi kuliko moja.

2. Baba ni fundi seremala. Mlango wetu wa mbele aliuchonga kwa miezi miwili. Una maua na kitasa cha shaba, kwa sababu Watu hupita mbele. Mlango wa nyuma, ambao ndio tunaoutumia sisi, umefungwa kwa kamba ya katani, na upepo ukivuma tunauegemeza ndoo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nyuma huko nani anaona?" Nikakumbuka somo la tatu, kwamba Mungu yuko kila mahali. Nadhani kwetu hajafika upande wa nyuma.

(Utaona nimeandika Watu kwa herufi kubwa, kama tunavyoandika Mungu. Sijakufuru. Ni sarufi tu: anayeogopwa hivyo hawezi kuwa nomino ya kawaida.)

3. Sala ya chakula. Siku za kawaida baba husema "Bwana bariki, amina" kijiko kikiwa kimeshafika nusu ya safari. Wakija wageni tunawaombea wagonjwa, wasafiri, yatima na viongozi wa ngazi zote mpaka chakula kinapoa. Sisemi ni vibaya, kwa kuwa wagonjwa wanafaidika. Nasikitika tu kwamba siku ambazo hatuna wageni, wagonjwa hao huachwa wajitegemee.

4. Hapa nitaomba uvumilivu wako, maana ndipo penye jambo lenyewe. Kila anayepokea kipaimara huwa na msimamizi, anayesimama ubavuni pake na kumwekea mkono begani. Kwenye fomu niliandika jina la dada yangu. Ndiye aliyenifundisha Sala ya Bwana, tukiwa tumelala kitanda kimoja, akinifinya kila nilipofika kwenye mkate na kusinzia. Mama alilifuta jina hilo kwa kifutio akaandika la mke wa mzee wa kanisa, mama mwema ambaye nimeshaongea naye mara mbili, zote kuhusu viatu vyangu. Nikauliza kwa nini. Mama akasema, "Mwanangu, watu watasemaje?"

Watu wameambiwa kwamba dada yuko kwa shangazi, anajifunza cherehani. Hii ni kweli kwa maana kwamba shangazi anayo cherehani. Dada alipelekwa huko tumbo lilipoanza kuonekana, ni miezi kumi na moja sasa, na mtoto ana miezi saba. Kijana aliyehusika anaimba besi kwenye kwaya yetu. Yeye hakupelekwa popote. Nadhani shangazi yake hana cherehani.

Na mama, kila Alhamisi, hupima watoto zahanati. Huwaweka kwenye mzani mmoja mmoja, husoma kilo, huandika kwenye kadi, na kuwaambia wazazi wao, "Amekua, hongera." Akirudi nyumbani hukanda miguu yake na kusema, "Leo nimechoka na watoto wa watu." Hapo ndipo nilipouelewa utaratibu: watoto wa Watu wana kadi. Mjukuu wake mwenyewe hamjui hata uzito. Amemwona mara moja, kwenye simu, na msusi wa saluni ya pale kona alipobisha hodi, mama aliigeuza simu kifudifudi.

5. Kwa kuwa nimefundishwa kutafuta ushahidi, niliamua kwenda kwa Watu wenyewe niwaombe ruhusa. Mama husema Watu hukaa pale kona, kwenye benchi la saluni, ndiyo maana yeye akitoka hupita njia ya uchochoroni, kando ya mfereji. Nilimkuta msusi na wateja watatu. Nikaamkia wote, nikauliza kwa adabu: dada yangu akija kanisani na mtoto, mtasema nini?

Msusi aliacha kitana juu ya kichwa cha mtu. "Nani, mimi? Mimi sina neno, mwanangu. Ila watu, unawajua."

Aliyekuwa amesukwa nusu akadakia, "Hata mimi sina neno. Mtoto ni baraka. Lakini watu hawakosi la kusema."

Nikauliza, watu gani? Wakanielekeza ng'ambo ya barabara kwa fundi viatu. Fundi viatu, misumari ikiwa mdomoni, alisema yeye hana neno hata kidogo, ila anawahofia watu wa saluni.

Nilipokuwa naondoka msusi alinifuata mpaka kwenye nguzo ya umeme, akanitia mkononi kofia ya mtoto, ya sufu, aliyoifuma mwenyewe. "Mfikishie mtoto. Na mama yako usimwambie ni mimi, watu wasije wakasema najipendekeza." Nikamuuliza, wewe hasa unawaogopa watu gani? Akatazama huku na huku. "Nikwambie ukweli? Mama yako."

Nilirudi nyumbani polepole. Miaka yote kumi na mitano sikujua kwamba mimi ni mtoto wa Watu.

Tafadhali zingatia matokeo ya uchunguzi huu, Baba Mchungaji. Msusi hana neno. Mteja wake hana neno. Fundi viatu hana neno. Mtaa mzima nimeuzunguka na hakuna hata mmoja aliye na Neno, ila wote wana Watu. Mwinjilisti alisahihisha akiwa ameketi. Mimi nilitembea.

6. Lalamiko hili nimeliandika mara tatu na kulifuta. Mwezi wa tatu mama alikuja ofisini kwako kuuliza kama dada anaweza kurudi kundini na mtoto abatizwe. Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye ngazi, na dirisha lako halifungi vizuri. (Baba anaweza kulitengeneza, kwa kuwa linatazama barabarani.) Nilikusikia ukisema, "Mama, mimi binafsi sina neno kabisa. Ila tungoje kidogo, watu watulie."

Nyuma ya kiti chako kuna kitambaa kilichodariziwa kwa uzi wa dhahabu: NENO KWANZA. Nimekitafakari sana. Kama Neno ni la kwanza na Watu ndio tunaowangoja mwishoni, basi wenye mamlaka ya mwisho ni akina nani? Swali la saba liliuliza ya mwisho. Nawe, ambaye ndiwe mkuu wa Mwinjilisti, ulitoa jibu lile lile nililotoa mimi, tena miezi miwili kabla yangu, na sijasikia kwamba umezuiwa kusimama madhabahuni.

7. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba haya:

(a) Nipewe alama yangu, zitimie saba.

(b) Swali la saba lirekebishwe, ili watoto wa mwakani wasiandike Neno kisha wakatoka nje wakapotea njia.

(c) Jumapili ya tarehe kumi na saba, wakati wa matangazo, Watu waombwe kusimama ili tuwatambue. Waseme yote watakayosema, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa zamu au kwa pamoja wanavyopenda, kisha waketi. Nadhani dakika kumi zitatosha. Baada ya hapo mlango ufunguliwe na dada aingie, maana kitakuwa hakijabaki cha kusemwa. Naamini Watu ni waungwana wakiombwa vizuri. Tatizo, nadhani, hakuna aliyewahi kuwaomba.

Namsalimu mama mchungaji na watoto. Msalimie Mwinjilisti, mwambie sina kinyongo naye ila karatasi imetoboka. Wasalimie wazee wa kanisa, mke wa mzee na viatu vyake vizuri, mlinzi wa lango, na kwaya nzima, hasa besi. Waliosahaulika wajihesabu wamesalimiwa.

Ni mimi, ninayengoja bila kununa,

Msichana wa karibu na nguzo

Tanbihi, Ijumaa, kabla giza halijaingia:

Barua hii imechelewa kwa sababu mwalimu husema barua isomwe na jicho la pili kabla ya kufungwa, na jicho lililokuwa karibu ni la mama. Aliisoma jana jioni jikoni amesimama. Alinisahihisha "kitana", kwa kuwa nilikuwa nimeandika "kitanda", na msusi hawezi kuacha kitanda juu ya kichwa cha mtu. Alipofika namba nne aliigeuza ndoo ya mlangoni akaikalia. Akasoma mpaka mwisho. Mlango wa nyuma ulikuwa ukijipigapiga wenyewe.

Leo asubuhi alitoka kwa mlango wa mbele. Alikuwa amevaa ndala moja ya bluu na moja nyekundu. Akashika barabara kubwa, akapita mbele ya benchi. Msusi akamwuliza, "Mama, kwema huko?" Akajibu, "Kwema. Namfuata mwanangu," na hakupunguza mwendo. Nilimkimbilia nikiwa na ndala ya pili ya bluu. Hakuitaka.

Wamerudi saa kumi, wote watatu, kwa barabara ile ile. Watu walisimama, kwa hiyo hatimaye nimewaona: ni wanne, na mmoja alikuwa na dawa kichwani. Walichosema nimekiandika neno kwa neno, kwa kuwa tumekingoja miezi kumi na moja. Walisema, "Masikio hayo ni ya seremala." Basi. Kisha wakauliza mbona mtoto hana kofia, msusi akatazama pembeni, nikakimbia nyumbani kuileta. Imemtosha.

Mama alipita naye zahanati kwanza. Ana kilo saba na gramu mia nne, na ana kadi. Baba yuko nyuma anapiga misumari. Amesema mtoto atashikwa na baridi.

Kwa hiyo malalamiko yangu namba moja hadi sita nayaondoa, na la saba (a) pia, maana jibu langu limekosea na mtu asidai alama kwa kosa. Swali nimelijibu upya kwenye karatasi nyingine, kwa neno moja, uone mwenyewe kama linatosha. Nilibadili mawazo jioni hii, nilipomuuliza mama kama tungoje kwanza kusikia Mchungaji atasemaje. Akasema, "Mwache kwanza anisikie mimi. Nina neno naye." Nimemsikia kwa masikio yangu, Baba Mchungaji. Katika mtaa wetu wote, mama ana neno. Atakuja kwako kesho saa tatu.

Barua anakuletea dada mwenyewe. Huyo aliye mgongoni mwake ndiye mwenye kofia. Usiwe na wasiwasi, wamepita barabara kubwa na Watu wametulia. Nina swali moja tu, nalo naomba ulijibu sasa hivi kwa mkono wake, kabla hajaondoka hapo mlangoni kwako: tarehe kumi na saba, asimame kulia kwangu au kushoto?