England Ipewe Wimbo Wake Kabla ya Jumamosi ya Mwisho wa Agosti

Aldersley,
upande wa England wa daraja,
9 Agosti

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Mpakani,

Anayekuandikia ni mtu mwenye bahati kuliko wote wanaolisoma gazeti lako, pande zote mbili za mto. Nimeendesha lori miaka thelathini na moja bila kugonga kitu chenye uhai. Nimekula supu ya samaki Marseille, nimetukanwa kwa lugha tisa nikajibu kwa kumi. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano kwa sababu haikuwa na kitu zaidi cha kunifundisha. Maneno hayo ni ya mwalimu mkuu mwenyewe, aliyasema huku amenishikia mlango. Na juu ya yote, nina mke wa Kiwelisi, Eluned, ambaye kwa miaka thelathini na minane hajanigombeza hata siku moja. Kwa sasa yuko ng'ambo kwa kaka yake Gethin, anamsaidia kuzalisha kondoo. Najua ni Agosti, na kondoo huzaa mwezi wa tatu. Kondoo wa upande ule huchelewa.

Nimeona nikujulishe bahati yangu mapema ili usije ukadhani naandika kwa uchungu. Naandika kwa ajili ya taifa.

Ndugu Mhariri, England haina wimbo wa taifa. Usishtuke, kaa chini. Wimbo tunaouimba sisi ni wa Ufalme wote wa Muungano. Wales wana wao wa pembeni, wa kwao wenyewe, na bado huu wa pamoja nao ni wao. Waskoti vivyo hivyo. Sisi tuna ule wa pamoja tu, kama mtu anayeishi ukumbini kwenye nyumba ambayo wenzake wote wana vyumba. Jumamosi ya tarehe 30 tunavuka daraja kwenda Llanwerin, upande wa Wales, kwa mechi ya marudiano ya matufe, ule mchezo wa kuviringisha mipira mizito kwenye majani, na mimi ndiye nahodha wa England. Nimebakiwa na wiki tatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wimbo wenyewe hauitaji England hata mara moja. Hakuna mto wetu, hakuna kilima, hakuna pai ya nyama. Ni dua ya kumwombea Mfalme afya na maisha marefu. Mimi sina ubaya na Mfalme, namtakia kila la heri. Lakini mtu aliyekuja kuviringisha tufe kwenye majani anahitaji maneno ya kumchemsha damu, siyo ya kumtembelea mgonjwa.

2. Hata huo hatuujui. Timu yetu ina watu wanane. Ubeti wa kwanza tunaujua saba, kwa kuwa Percy Stubbs, aliyekuwa tarishi, huanza kulia mapema akapoteza mstari. Ubeti wa pili haujui mtu. Tunafunga midomo tunavuma mm-mm-mm kama jokofu, macho tumeyaelekeza kwenye viatu. Na hapo ndipo inapouma: Wawelisi wanaujua! Mwaka juzi walisimama wakauimba pamoja nasi, beti zote, kwa sauti nne, na besi ilikuwa nzito hadi vikombe vikatikisika mezani. Nikamwambia Gethin, "Shemeji, nyamazeni bwana, huu si wenu, wenu mmeshaimba." Akanijibu bila hata kunitazama, "Huu nao ni wetu, Norris. Tena tukikuachieni wenyewe mtauharibu."

3. Mwingereza haruhusiwi kuipenda nchi yake siku ambayo hakuna mpira. Mwezi wa tano nilitundika bendera yetu, ile nyeupe ya msalaba mwekundu, nje ya dirisha la juu. Kabla sijashuka ngazi, jirani yangu Bi Prudence Wragg alikuwa ameshafika kwenye ua wa maua.
"Leo tunacheza na nani, Norris?"
"Hatuchezi na mtu, mama."
"Basi ni raga."
"Wala."
Akaniuliza kwa sauti ya hospitalini, "Uko sawa nyumbani?" Nilimwambia nimeianika tu, ilikuwa imelowa. Mimi, niliyepita forodha kumi na nne kifua mbele, nikasema uongo juu ya bendera yangu kwa sababu ya bibi mwenye mkasi wa kupogolea waridi. Eluned alikuwa jikoni, akacheka hadi akakaa sakafuni. Kwao bendera ina joka, na majoka yao yapo hadi kwenye taulo, wala hakuna anayemuuliza mtu kama yuko sawa.

4. Tulijaribu kujitafutia wimbo wenyewe, kistaarabu, kwenye baa ya Nanga. Nilikuwa mwenyekiti. Bi Wragg alitaka wimbo wa kanisani, lakini usio na Mungu sana. Percy alitaka usio na maneno, ili pasiwe na wa kusahau. Mwingine alisema wimbo wowote utakaotupendeza sana utaonekana ni wa majivuno, kwa hiyo tuchague tusioupenda, na wote wakaitikia kwa vichwa kwamba hilo ni wazo la maana. Mwishowe tuliazimia kwa kauli moja kuunda kamati nyingine. Nikaona kama mambo ni hayo, basi nitautunga mwenyewe. Nakuwekea hapa ubeti mmoja uuone:

Ee England yetu, nchi ya mvua ya kiasi,
Tunapanga foleni wala hatuna wasiwasi,
Ukinikanyaga mguu, nakuomba radhi upesi.

Beti ziko kumi na mbili. Ubeti wa saba unawahusu madereva wa Kifaransa, huo usiuchapishe. Nilipowaimbia wenzangu, Percy alisema, "Ni mzuri, Norris. Lakini itabidi tuwe tumelewa." Nikamkumbusha kwamba mechi huanza saa nane mchana. "Ndiyo maana nimesema," akajibu.

5. Lalamiko la tano ni kubwa kuliko yote na linawahusu Wawelisi moja kwa moja. Hawa watu wanatumia wimbo wao kama silaha. Desturi ya mechi yetu ni kwamba mgeni huimba kwanza. Kwa hiyo kila mwaka wakija Aldersley wao ndio wanaoanza, na wakimaliza, nusu ya timu yangu haioni tufe kwa machozi. Hiyo ni haki? Na kila mwaka aliyewatolea sauti alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Idwal, ameketi kwenye kiti chake cha kukunja pembeni mwa uwanja, kofia magotini. Hakuwa na sauti kubwa. Alivuma noti moja tu, na wote wakaingia.

Mzee Idwal alifariki mwezi wa pili.

Mechi ya Julai, Eluned alikuja na kile kiti. Miaka yote hiyo huwa anasimama kwenye meza ya chai, katikati, si kwao si kwangu. Safari hii alikiweka kiti pale pale kilipokuwa kikikaa, kitupu, akasimama nyuma yake, mikono juu ya mgongo wa kiti, akavuta pumzi atoe ile noti.

Naomba wasomaji wanielewe kama nahodha. Nilikuwa nimeazima spika ya harusi ya mpwa wangu. Nilikuwa na beti kumi na mbili. Nilitazama pembeni nikaona Percy ameshatoa leso, na mechi haijaanza! Nikajiambia, Norris, wakiimba hawa leo, na kiti kile kikiwa kitupu, tumekwisha. Nikabonyeza swichi ya spika. Mvua ya kiasi ikasikika hadi ng'ambo. Nikaimba beti tatu, peke yangu, maana wenzangu walikuwa wanatazama viatu.

Hakuna aliyenifokea. Hilo nalo ni la kulalamikia: mtu akikufokea unajua pa kushika. Eluned aliutoa mkono wake kwenye kiti, akaniambia, "Norris, chai iko kwenye birika," akatembea hadi darajani, akavuka. Gethin alibaki nyuma kidogo. Akaniambia, "Shemeji, ungenipiga ngumi ingekuwa afadhali." Wakaenda wote. Mechi wamepewa England kwa kuwa mpinzani aliondoka. Ni ushindi wetu wa kwanza katika miaka kumi na moja, na gazeti lako halikuuandika.

Kwa sababu hizo zote, nikiwa na akili timamu, naomba gazeti lako lisukume mambo yafuatayo:

(a) Serikali iipatie England wimbo wake kabla ya tarehe 30. Usiwe mrefu. Uwe na pai.

(b) Ikishindikana, Wawelisi wapigwe marufuku kuimba kwa sauti nne hadi sisi tufikishe angalau mbili.

(c) Ikishindikana hiyo, watuazime wimbo mmoja wa kwao. Wanazo nyingi, kila kanisa lina kabati.

(d) Na hata hiyo ikishindikana, basi England yote ijiunge na Wales, mimi nikiwa wa kwanza kuvuka daraja na sanduku langu. Tutakuwa na joka, tutakuwa na wimbo, na mtu akiulizwa mkewe yuko wapi hatalazimika kutaja kondoo.

Nimeiandikia wizara mara mbili. Walijibu kwamba barua yangu imepokelewa na wameithamini sana. Unajua Mwingereza akikwambia amekithamini kitu sana kinachofuata ni nini.

Wasalimie wote hapo ofisini, na yule dada wa matangazo ya vifo anayeandika vizuri. Salamu kwa timu nzima ya Llanwerin, kwa Gethin na kondoo wake wa Agosti, na kwa kila msomaji wa ng'ambo anayelifungua gazeti hili siku ya Ijumaa, akaanza na vifo, kisha akaja kwenye barua, miwani imeshuka puani.

Ni mimi, mzalendo wako,
Norris Hotchkiss,
Nahodha, Matufe, Aldersley

Nyongeza: Nimeisoma tena barua hii asubuhi, mezani, na vikombe viwili kwa mazoea. Mhariri, futa yote, (a) hadi (d). Nimefikiri hivi: ule wimbo wa Muungano ninaoulalamikia, ule usiotaja kitu, ndio wimbo pekee niliowahi kuuimba nikiwa na Eluned. Kila Julai, meza ya chai iko kati yetu, yeye sauti ya pili, mimi sauti isiyo na namba. Nikifika kwenye ubeti wa pili nikaanza kuvuma, yeye alikuwa akinisogelea na kunisemea maneno polepole upande wa sikio. Sasa England ikipewa wimbo wake peke yake, mimi nitauimba na nani? Nani atanisemea maneno?

Kile kiti hakuondoka nacho. Kilibaki uwanjani, kikanyeshewa. Nimekikausha, nimekibadilisha turubai, bawaba nimezitia mafuta. Tarehe 30 nitakivusha daraja mimi mwenyewe, nitakiweka pembeni mwa uwanja wao, kisha nitasimama mbali nacho mikono nyuma. Spika nimeirudisha. Safari hii wageni ni sisi, na kwa desturi sisi ndio wa kuanza, lakini tumekubaliana kutoimba kitu, ili wao waanze. Maneno yao siyajui, lakini kuvuma najua, mimi ni Mwingereza.

Na ile bahati niliyojisifia kule juu ni uongo. Gethin hana kondoo, ana duka la rangi. Mke wangu ameniacha wiki tano sasa, na kosa ni langu.