Rinda la Kukamia Ng'ombe

Leo nimeaibika vibaya. Afadhali mlisikie jambo hili kwangu kabla hamjalisikia sokoni Gakindu, maana huko litakuwa limeshatiwa chumvi na pilipili.

Mnajua mke wangu Wangari alituacha kabla ya mvua hizi. Aliacha ng'ombe mmoja, Sahiwal, yule mwekundu mwenye nundu. Majirani wote wanafuga Friziani, na walimcheka siku alipomleta. "Mama, umenunua ng'ombe ama ngamia?" Lakini kiangazi kilipokuja, Friziani wao walihema kivulini ulimi nje, na huyu wetu akatafuna mabua makavu juani kama mgeni wa harusi. Hata kupe hawamwezi. Ana tabia moja tu: akifunga maziwa, amefunga. Alimzoea Wangari, na Wangari akaenda.

Tangu mazishi nimejaribu kila kitu. Nimemwekea ndama wake mbele. Nimemwomba msamaha (wa kosa gani, sijui). Hatoi hata tone. Basi kaka yangu Ndegwa akaniambia, "Ng'ombe bila maziwa ni nyama inakula majani. Jumamosi nakuja na mchinjaji."

"Na akitoa maziwa?"

"Akitoa, mimi nitanyamaza."

Leo ni Jumamosi.

Asubuhi nimeingia zizini nikamkuta ng'ombe amenyoosha shingo ukutani, analamba rinda la Wangari. Lile lake la kukamia, la maua ya buluu. Bado lilikuwa kwenye msumari pale alipolitundika. Sikuwa nimeligusa. Sikuweza. Nikasimama tu nikilitazama. Halafu nikamkumbuka mchinjaji.

Nikalivaa.

(Mimi ni mwembamba, lakini si mwembamba vile.) Nikafunga na kitambaa chake kichwani, maana ukianza ujinga ni vizuri uumalize. Nikaketi kwenye kigoda. Ng'ombe akageuka, akaninusa mgongo, akashusha pumzi ndefu. Na maziwa yakaja! Jamani, yalikuja! Yakapiga ndoo mpaka povu likapanda. Nililia kidogo. Sioni haja ya kuwaficha.

Hapo nikasikia hatua nyuma yangu. Nikajua ni Ndegwa. Sikugeuka, nisije nikamshtua ng'ombe. Nikasema kwa kiburi, "Karibia uone! Si ulisema siwezi? Chuchumaa hapa uhesabu matone!"

Nikajibiwa na sauti ya mwanamke mzee, ikitetemeka:

"Wangari?"

Alikuwa mama mkwe.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Mama mkwe hutazamani naye machoni. Mkikutana njiani, unampisha ukiangalia chini. Katika miaka yote ya ndoa sijawahi hata kuvua koti mbele yake. Na leo nimeketi magoti wazi ndani ya rinda la binti yake, ninamwamuru achuchumae!

Nikasimama haraka kwa heshima. Hapo ndipo nilipokosea. Rinda lilikuwa limenasa kwenye kigoda. Prrraaa! Likapasuka kutoka chini mpaka kiunoni. Kwa nyuma. (Suruali nilikuwa nimeivua, rinda halingepita juu yake. Niulizeni kitu kingine.)

Mama mkwe akajifunika uso kwa kiondo, ndizi alizotuletea zikamwagika. Na ni wakati huo huo Ndegwa na mchinjaji walipotokea mlangoni.

Mchinjaji akanipima juu mpaka chini. "Ndegwa, hukuniambia ati hapa kuna mama ako na ndevu."

"Si mama," Ndegwa akajibu polepole. "Ni ndugu yangu." Naona angependa kusema mimi ni mtu mwingine.

Nikangoja ardhi ifunguke. Haikufunguka. Badala yake mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kwa sababu tangu tumzike binti yake hatujamwona akifanya kingine. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi asianguke.

Alipopata pumzi, akawageukia wale wawili. "Huyu ng'ombe haendi mahali. Maziwa si hayo? Nyinyi endeni, mnamsumbua."

"Lakini mama, huyu mtu nimemtoa mbali..."

"Ndegwa!"

Ndegwa akanyamaza. Wakaondoka, mchinjaji akigeuka kunitazama mpaka walipofika kwenye shamba la kahawa.

Nikataka kukimbilia nyumbani nikavae suruali. Mama mkwe, macho ameyaelekeza ukutani, akasema, "Keti, mwanangu. Ukimwacha katikati atafunga tena. Mimi sioni kitu." Akavua shuka lake akanirushia nyuma nyuma bila kuangalia. Nikajifunga, nikaketi. Yeye akamshika ndama.

Basi tukakaa hivyo, yeye amenipa mgongo na mimi nimempa wangu, nikikama. Akaanza kuniambia Wangari alivyokuwa akikimbizwa na mbuzi akiwa mtoto. Nikamwambia alivyokuwa akimsengenya Ndegwa kwa ng'ombe. Hatujawahi kuongea hivyo, mimi na yeye. Ndoo ilipojaa, hakuna aliyeharakisha kuinuka.

Amesema atarudi na sindano alishone rinda, na atie kitambaa mabegani, maana ameona linanibana. (Kumbe alikuwa anaona.)

Kwa hivyo mkipita kwetu asubuhi, chekeni mkishavuka mto. Ng'ombe akisikia kelele ananyima.