Operesheni Tusipitwe na Filamu ya Wapagazi

Ofisi ya Uratibu wa Burudani na Kumbukumbu, Kanda ya Magharibi, inapenda kuutangazia umma kwamba Tabora haitapitwa tena. Filamu tano ziliteuliwa kuwania tuzo kubwa ya ng'ambo, na uchunguzi wetu ukabaini kwamba hakuna mtumishi wa ofisi hii aliyekuwa ametazama hata moja. Mbaya zaidi, kila filamu ilitokana na kitabu, na vitabu navyo hatukuwa tumevisoma. Mbaya kupita hayo, filamu mojawapo ilihusu wapagazi wa Kinyamwezi katika njia ya zamani ya misafara, yaani sisi wenyewe, na Mgeni Rasmi kutoka makao makuu alikuwa njiani kuja kutupongeza.

Mkurugenzi wetu, Bwana Lugembe, ambaye si mbunge lakini hupenda kuitwa Mheshimiwa, aliitisha kikao cha dharura akapiga meza.

"Mgeni akiniuliza filamu inasemaje, nimjibu nini? Kwamba tulikuwa mnadani?"

Papo hapo ikazaliwa Operesheni Tusipitwe. Mimi, Modest, nikateuliwa Katibu. Sijisifu, ila katika ofisi yetu hakuna mwingine awezaye kutumia "kwa kuzingatia" mara nne katika sentensi moja na bado akalala usingizi.

Waraka wangu ulikuwa na maagizo mawili. La kwanza, watumishi watazame filamu zote tano na kusoma vitabu vyake ndani ya wiki mbili. La pili lilihusu maktaba yetu ndogo ya Kanyenye: kwa kuwa haina wasomaji, itafungwa na kufanywa stoo ya viti vya plastiki, isipokuwa kama kabla ya saa sita mchana siku ya ugeni watumishi kumi na wawili watakutwa humo kwa pamoja, wamekaa, wanasoma. Sharti hilo nililiweka kwa sababu halikuwezekana. Waraka usio na sharti huonekana wa kihuni.

Maktaba hiyo huitunza mama mmoja wa Lusu, Bi Apolinaria, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nilimpelekea barua mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Katibu." Akasoma, akavua miwani. "Yaani mnafunga maktaba katika operesheni ya kusoma?"

"Kusoma ni kampeni, mama. Maktaba ni suala la nafasi."

"Kitabu cha wapagazi ninacho. Nakala moja. Njooni hata kwa zamu. Watu kumi na wawili tu, Modest. Hiki chumba ndicho kilichobaki cha kunitoa kitandani asubuhi."

Nilimhurumia, nasema kweli. Huruma hiyo niliiandika kwa penseli pembeni ya jalada.

Tukaanza na filamu, kwa sababu filamu hazina kurasa. Tulikwenda kwenye kibanda umiza cha Limbu, kile cha kuonyeshea video karibu na soko, ambako kiingilio hukupa benchi, joto na tafsiri. Limbu hajui lugha ya filamu yoyote, lakini hilo halijawahi kumzuia. Hushika maikrofoni, huzima sauti ya wenyewe, huwatafsiria watu.

Mkuu wa msafara akatokea kwenye kioo amelala ndani ya machela, kitanda cha kubebwa mabegani, wapagazi wakitweta chini yake.

"Huyu mzee ni mgonjwa," Limbu akatangaza, "lakini kwa upendo wake kwa wananchi amekataa kubaki nyumbani!"

Mkuu akainua kiboko.

"Hapo anawafukuzia nzi!"

Kiboko kikashuka mgongoni mwa mpagazi.

"Kamuua nzi! Mpagazi anashukuru, anasema, asante bosi, ila nguvu zangu natoa kwenye chipsi za Mama Sheima pale stendi. Namsalimu pia mama yangu, Nzega, mama mwangaluka!"

Mheshimiwa alilia. Nilimpa kitambaa changu, hajakirudisha. "Huyu ni kiongozi," alisema kwa kwikwi. "Anawafukuzia watu nzi!"

Msafara ulipofika kisimani, machela ikiwa bado mabegani, picha ikaganda.

"Flashi imeishia hapo," akasema Limbu. "Ila mwisho ni mzuri. Bosi anashinda."

Filamu nne zilizosalia alitusimulia kwa mdomo, maana umeme nao ulikatika, nasi tukaziweka katika orodha ya zilizotazamwa. Kuhusu kitabu, kamati ndogo ilikipitia jalada la mbele na la nyuma, ikabaini kasoro kubwa: hakimtaji Mama Sheima popote. Tukapendekeza mwandishi aonywe.

Basi Mheshimiwa akaamua kwamba siku ya ugeni yeye mwenyewe atabebwa kwenye machela kupita Kanyenye hadi ukumbini, kama yule kiongozi wa nzi. Tukawaarifu makao makuu, wakajibu kwamba Mgeni Rasmi amekisoma kitabu mara mbili na atafurahi sana. Mheshimiwa hakutaka kuaibika. Akaniamuru niandike waraka wa nyongeza: "Onyesho litafuata kitabu neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Atakayekiuka atachukuliwa hatua." Akasaini kwa wino mwekundu.

Wabebaji tulikuwa watumishi kumi na wawili, wanne wanne kwa zamu. Mheshimiwa ana uzito unaolingana na cheo anachokitaka. Jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua. Mgeni Rasmi, mama mpole mwenye mwavuli, alitembea kando yetu akitabasamu, na kila tulipopunguza mwendo Mheshimiwa alichungulia nje na kupunga usinga.

"Ni nzi," alimfafanulia Mgeni, usinga ukitupiga masikioni.

Saa tano na nusu tulifika mbele ya maktaba. Bi Apolinaria alikuwa mlangoni. Ndani, nyuma yake, kulikuwa na ndoo ya maji na vikombe. Amon, dereva wetu, akasimama. Wote tukasimama.

"Mbona mmesimama?" Mheshimiwa akauliza.

"Tumefika kisimani, Mheshimiwa," nikasema. "Filamu iliishia hapa."

"Kitabu kinasemaje?"

"Hatujakisoma, Mheshimiwa," Amon akasema.

"Si mkasome! Mnaniaibisha mbele ya mgeni!"

Bi Apolinaria alikwisha kukifungua ukurasa wa mwisho. Akanikabidhi. Nikasimama kizingitini nikasoma kwa sauti ya waraka:

"Walipoliona wingu la kwanza la mvua, wapagazi waliishusha machela. Wakanywa maji, wakamwacha mkuu wao humo humo akitoa amri, kwa maana msimu wa kulima ulikuwa umefika."

Amon akajifuta jasho.

"Bila kupunguza wala kuongeza," alisema. "Waraka ni waraka, jamani."

Machela ikashushwa polepole, katikati ya barabara. Wenzangu wakaingia maktaba mmoja mmoja, wakanywa, wakakaa kivulini.

"Kwani huyo mkuu alikuwa amewafanya nini?" Amon akauliza.

"Iko ukurasa wa kwanza," akajibu Bi Apolinaria. Wakagombea nakala, wakashindwa, kila mtu akavuta kitabu kilichokuwa karibu. Amon akapata cha ufugaji nyuki, hakuinua tena kichwa.

Bi Apolinaria aliwahesabu kwa kidole. Kumi na mmoja. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika nne. Alinitazama tu, nami nimesimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja ofisini kwangu.

"Modest!" Mheshimiwa alipiga kelele. "Rudini mnibebe! Hiyo ni amri!"

Bega liliniuma. Na kusema kweli, nilitaka kujua ukurasa wa kwanza. Nikaingia, nikakaa.

Mgeni Rasmi akachungulia ndani, akakuta watumishi kumi na wawili wanasoma saa za kazi. Akaomba daftari la maktaba, tukajiandikisha, naye akatia saini yake chini ya majina yetu. Bi Apolinaria aligeukia ukutani, akalia.

Huko nje amri ziliendelea: simameni, nyanyueni, wavivu wakubwa nyie, mtafukuzwa wote. Mgeni alirudi barabarani, akafungua mwavuli wake, akapiga makofi.

"Hongera sana, Mkurugenzi, hata matusi ni yale yale ya kitabuni!" alisema. "Usitoke kwanza. Kule mkuu alikaa humo mpaka jua likazama."