Saa Moja na Dakika Kumi Hadi Kilimanjaro

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Desemba, 1974

Ndugu Mhariri,

Natumaini hujambo pamoja na wafanyakazi wenzako. Mimi si mzima sana. Ugonjwa wangu ulitoka katika gazeti lako la mwezi uliopita, ukurasa wa nne, mlipoandika kwamba ndege kutoka Dar es Salaam hadi Kilimanjaro hutumia saa moja na dakika kumi. Sisemi ni uongo. Nalalamika kwa sababu ni kweli.

1. Mama yangu, Bibi Elieshi, anaishi Machame. Kwa miaka mitano nimemwandikia kila Krismasi kwamba siwezi kuja: siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, na dukani napewa siku tatu. Vijana wote wa kwetu tulioko Kariakoo tuliafikiana kuhusu hizo siku mbili. Basi hutumia siku moja, lakini basi haliandiki barua.

2. Mwinjilisti wa kijiji alimsomea mama gazeti lako. Siku ya tatu nikapata simu ya maandishi: SAA MOJA NA DAKIKA KUMI. MIMI SOKONI NATEMBEA SAA MBILI. MAMA.

3. Mke wangu Severa aliisoma simu hiyo kabla yangu. Akaniuliza, "Na baba yako alipofariki, hukwenda kumzika kwa sababu gani?" Nikamwambia wakati ule uwanja wa ndege haukuwapo. Akasema, "Basi lilikuwapo." Tangu siku hiyo naletewa chai bila sukari.

4. Mwajiri wangu, Bwana Devendra, muuza vitambaa, naye amesoma. Aliniita mbele ya wateja: "Eliakimu, chukua Jumamosi. Nenda asubuhi, rudi jioni." Mhariri, mwajiri mkali unaweza kumlaumu. Huyu mwenye huruma nimfanyeje?

Kwa hiyo naomba uchape sahihisho: palipoandikwa saa, isomeke siku. Dhamiri ikikuzuia, basi washauri wenye ndege waipitishe Tabora, Mwanza na Bukoba, abiria waijue nchi yao. Huo ndio ujamaa. Si haki mmoja afike kabla chai haijapoa, na ndugu yake bado anahesabu vumbi la Korogwe. Hayo yakishindikana, uwanja uhamishiwe Songea, na mlima ubaki ulipo.

Nisalimie wapiga chapa wote, wafagiaji, na mlinzi wa mlangoni. Yule aliyepanga herufi za ukurasa wa nne usimsalimie.

Ni mimi, nisiye na haraka,
Eliakimu Swai

Nyongeza: Usiichapishe barua hii. Kabla sijafunga bahasha, mama ameshuka kwenye teksi na mkungu wa ndizi. Severa ndiye aliyemtumia tiketi ya ndege. Mama alinitazama akasema, "Umekonda, mwanangu." Juu ya mazishi hakuniuliza kitu, nikasema mwenyewe: baba na mimi tuliachana kwa ugomvi, nikaona haya kuja kusimama kaburini pake. Njia haikuwa na kosa. Mama akajibu, "Tulijua. Baba yako naye, alipokuwa hai, alisema uko mbali, ili watu wasiulize." Halafu akaomba maji ya kunawa.

Alhamisi tunakwenda Machame wote watatu, kwa ndege. Mama hapendi ndege, alikuja amefumba macho njia nzima. Tafadhali waulize wenye ndege kama hizo dakika kumi zinaweza kupunguzwa.