Tundu Lisiloidhinishwa

Idara Kuu ya Uratibu inapenda umma ufahamu kwamba imeingia katika zama mpya. Ndivyo ulivyoanza waraka wa kurasa kumi na nne, wenye muhuri kila ukurasa, uliobandikwa getini, mapokezi, kantini na, kwa msisitizo, mlangoni mwa choo cha wanaume. Zama zenyewe zilikuwa zimeegeshwa uani: gari moja la haibridi, jeupe, la kumhudumia Mkurugenzi Mkuu. Lilikuwa na injini ya petroli na mota ya umeme "zinazofanya kazi kwa ushirikiano, jambo ambalo watumishi wote wanahimizwa kuliiga."

Dereva wake alikuwa Mama Gia. Jina hilo alilipata enzi za malori, alipokuwa akipandisha mlima na tani kumi mgongoni huku anamenya chungwa. Sasa amepewa gari lisilo na gia za kubadilisha, lakini jina limebaki, kwa kuwa idara haina fomu ya kufuta jina la utani. Alikuwa amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu. Kanuni zilisema mtumishi anayestaafu bila doa anaachiwa nyumba ya idara anayoishi, na mwenye doa anapewa siku saba za kufungasha. Mama Gia aliishi na mama mkwe wake katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, na bibi huyo alikuwa ameshapaka kuta rangi upya, kwa imani tu.

Kwa hiyo alilitunza gari lile kama yai. Kijitabu chake alikisoma mara mbili, hata kurasa za onyo ambazo hakuna binadamu huzisoma. Alijua kwamba asubuhi halina haja ya kunguruma, kwamba linajichaji lenyewe kila linapopunguza mwendo, na kwamba likisimama kwenye foleni na kunyamaza kimya, halijafa. Tatizo ni kwamba aliyajua hayo peke yake.

Siku ya kwanza mlinzi alikataa kufungua geti.

"Washa gari kwanza, mama. Siwezi kuandika limetoka na halijawashwa."

"Limewashwa."

"Mbona halilii?"

"Linatumia umeme."

Mlinzi akalizunguka, akachungulia uvunguni. "Waya uko wapi?"

Mama Gia akapiga honi mpaka ndege wakahama paa. Mlinzi akaridhika na kuandika kitabuni: limetoka, sauti ni nzuri.

Sasa tuje kwenye tundu. Kando ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, palikuwa na tundu lenye ukubwa wa bahasha, limefunikwa kwa plastiki yenye mistari. Betri kubwa iliyo chini ya kiti ilivuta hewa kupitia hapo ili isichemke. Kila Ijumaa Mama Gia alitoa filta yake, akaikalisha magotini na kuipangusa taratibu kwa brashi ya kupakia rangi. Vumbi halikumsumbua. Kilichomsumbua ni nyuzi za dhahabu. Zilitoka kwenye mto wa Mkurugenzi Mkuu, mto uliotariziwa nembo ya idara, ambao mwenyewe aliuegemeza palepale penye tundu kila siku iendayo kwa Mungu. Juu ya mto aliweka koti. Juu ya koti aliweka mafaili ambayo hakukusudia kuyasoma.

"Mkuu, samahani," Mama Gia alisema asubuhi moja, macho yakiwa kwenye kioo. "Huo mto ukisogea kushoto kidogo tu, betri itapumua."

"Betri ina cheo gani?"

Mama Gia akarudisha macho barabarani. Swali kama hilo hata msomi angelikimbia. Jioni yake alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, TAFADHALI USIZIBE HAPA, HEWA YA BETRI, akaibandika juu ya tundu kwa selotepu. Asubuhi Mkurugenzi Mkuu aliisoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa hati ya kwanza aliyoimaliza mwaka ule.

"Nani ameniandikia amri ndani ya gari langu?" aliuliza. Kisha, baada ya kufikiri hadi mzunguko wa pili wa barabara: "Na hili tundu ni la nini?"

Kufika ofisini, Afisa Ugavi aliitwa. Huyu alikuwa mtu mwembamba, mwadilifu kupita kiasi, asiyeamini kuwepo kwa kitu chochote mpaka akione kwenye orodha. Inasemekana siku mtoto wake alipozaliwa aliomba stakabadhi. Alikuja na fomu ya mapokezi ya gari, akalikagua kidole kwenye karatasi.

"Milango minne, ipo. Tairi tano, zipo. Funguo mbili, zipo. Tundu..." Akageuza ukurasa. Akarudi. "Tundu halipo."

"Si hilo hapo?" Mama Gia akalionyesha.

"Hapo lipo. Kwenye fomu halipo. Gari lilipokelewa bila tundu, leo lina tundu. Kati ya siku ile na leo, nani alikuwa na gari?"

"Mimi. Lakini kaka yangu, hilo limetoka nalo kiwandani! Magari yote ya aina hii yanalo."

"Kiwanda kilisaini fomu?"

"Hapana."

"Basi," alisema Afisa Ugavi kwa huzuni ya kweli, maana hakuwa na ubaya na mtu.

Saa nane mchana Mama Gia akakabidhiwa hati ya mashtaka: kutoboa tundu lisiloidhinishwa katika mali ya umma, na kulitangaza kwa maandishi.

Nyumbani alimkuta mama mkwe anafua mapazia. Akamsomea hati ile kwa sauti, kila neno, kwa kuwa macho ya bibi hayakuwa tena ya kusomea.

"Tundu lenyewe kubwa kiasi gani, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Kama bahasha, mama."

"Na sisi tutatokea humo humo." Akakamua pazia kwa hasira. "Miaka thelathini na mmoja hujagonga hata kuku wa mtu! Leo wanakutafutia doa kwenye hewa. Waambie ukweli tu. Ukweli haumtupi mwenyewe."

Mama Gia aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Usiku huo aliitazama rangi mpya ya ukuta na kujuta kwamba walikuwa wamechagua ile ya bei ghali.

Kamati ya Nidhamu ilikaa Alhamisi, wajumbe saba, mwenyekiti Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyelijua suala hilo kwa karibu. Mama Gia alileta kijitabu cha gari, amekunja ukurasa wenye picha ya tundu. Kamati ilikitazama kijitabu na kubaini kwamba hakina muhuri.

"Waheshimiwa," alisema Mama Gia, "tundu hili limetengenezwa na kiwanda. Mkiliziba, betri itachemka na gari litagoma."

"Andika," Mkurugenzi Mkuu alimwambia katibu, "kwamba gari halina mamlaka ya kugoma."

Baada ya chai, kamati ikaamua mambo manne. Kwanza, hoja ya kiwanda haikubaliki, kwa kuwa kiwanda si mtumishi wa idara, na isitolewe tena na yeyote mbele ya kamati hii. Pili, tundu lizibwe kwa ubao, gundi na lakiri ya serikali, na lisifunguliwe ila kwa kikao cha wajumbe wote saba. Tatu, yeyote atakayetoboa gari hilo tena asimamishwe kazi papo hapo. Hapo Mkurugenzi Mkuu akaongeza kwa mkono wake maneno "bila kujali cheo," kwa sababu yalisikika vizuri. Nne, Mama Gia apewe siku thelathini kurudisha kipande kilichokatwa.

"Kipande gani?"

"Kila tundu lina kipande kilichotoka," alisema Afisa Ugavi kwa upole. "Ukikileta, nitakipokea, nitaandika kimerudi, na faili litafungwa. Usipokileta..." Hakumalizia. Siku saba za kufungasha kila mtu alizijua.

Kwa muda huo aliachwa aendelee kuendesha, kwa kuwa hakuna dereva mwingine aliyekubali gari lisilolia.

Fundi seremala akakata ubao mdogo uliolingana na tundu kama kifuniko na chungu chake, akaupiga gundi, na juu yake ikamwagwa lakiri nyekundu. Tangu siku hiyo feni ya betri ilianza kulalamika. Wiki ya kwanza ilivuma. Wiki ya pili ilipiga mluzi. Mama Gia aliripoti kwa maandishi mara tatu. Mara zote tatu alijibiwa kwamba ripoti yake imepokelewa na kwamba mluzi utajadiliwa katika robo ijayo ya mwaka. Kila jioni alizunguka karakana akitafuta kipande ambacho hakikuwahi kuwepo, na alijua hakikuwahi kuwepo, na bado alitafuta. Mtu akiwa na roho juu, hata upuuzi unaonekana kama mlango.

Siku ya ishirini na sita, Mkurugenzi Mkuu alikuwa anakwenda kuapishwa kuwa mjumbe wa Tume ya Taifa ya Hewa Safi. Kiapo kilikuwa saa tano kamili. Nyuma alikaa yeye, mto wake na koti lake. Mbele, kando ya dereva, alikaa Afisa Ugavi na daftari lake, aliyekwenda kupokea kalamu ambayo wajumbe wapya hukabidhiwa. Jua lilikuwa linachoma, foleni haisogei. Feni ikapiga mluzi, ikapiga yowe, kisha kwenye dashibodi ikawaka pembetatu nyekundu. Gari likaishiwa nguvu. Mama Gia akalisogeza pembeni ya barabara kwa upole, kama anayemkalisha mgonjwa.

"Kwa nini tumesimama?"

"Betri imechemka, mkuu. Inataka hewa."

"Ipe!"

"Iko nyuma ya lakiri."

Mkurugenzi Mkuu akatazama saa. Saa nne na dakika kumi na tano. "Vunja hiyo lakiri."

"Mkuu wangu, tundu la kwanza bado nalitafutia kipande. Nikitoboa la pili, nitahamia wapi na mama mkwe wangu?"

"Nakuamuru!"

"Kikao cha watu saba, mkuu. Hapa tuko watatu."

Mkurugenzi Mkuu akamgeukia Afisa Ugavi. Afisa Ugavi akahesabu waliomo garini, akahesabu tena kwa uhakika, akatikisa kichwa. "Akidi haijatimia."

Magari yalipita yakipiga honi. Jasho lilimtiririka Mkurugenzi Mkuu hadi kwenye tai. Mara akashuka, akafungua buti, akarudi na spana ya kufungulia tairi, akapanda kwa magoti kwenye kiti na kuupiga ubao pigo la kwanza, la pili, la tatu. Lakiri ikaruka vipande. Ubao ukatoka mzima ukaanguka miguuni pake. Betri ikavuta pumzi ndefu, na feni ikashuka sauti.

Katika ukimya ule ilisikika kalamu.

"Unaandika nini wewe?" Mkurugenzi Mkuu aliuliza.

"Mali, mkuu," alijibu Afisa Ugavi. "Saa nne na dakika ishirini na mbili. Tundu moja."

Pembetatu ilizima baada ya nusu saa, na walifika kiapo kimekwisha. Nafasi ilikuwa imepewa mtu aliyesimama karibu na mlango.

Kamati ilikaa siku mbili baadaye. Kiti cha mwenyekiti alikikalia Naibu Mkurugenzi, aliyekingojea miaka tisa na sasa alikuwa anaipapasa mikono ya kiti hicho kwa siri. Mkurugenzi Mkuu alikalia kile kiti cha mbao cha mshtakiwa, chenye mguu mmoja mfupi. Mezani, juu ya gazeti, palikuwa na ule ubao.

Shauri la Mama Gia ndilo lililotangulia. Afisa Ugavi aliuchukua ubao, akatoka nao uani, akaupima kwenye tundu, akarudi.

"Unaingia sawasawa," alitangaza. "Hiki ndicho kipande kilichotoka kwenye tundu. Nimekipokea. Mama, weka saini hapa. Faili lako limefungwa, huna doa."

Mama Gia akaweka saini. Alitaka kucheka, alitaka kulia, akafanya yote mawili kwenye kanga, na wajumbe wakaangalia dari kwa heshima.

"Shauri la pili," alisema Naibu. "Mshtakiwa ametoboa tundu katika mali ya umma. Ana la kusema?"

Mkurugenzi Mkuu akageuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama Mama Gia usoni, si kwenye kioo. "Mama, tafadhali. Waambie. Waambie tundu lilikuja na gari."

Angeweza kunyamaza. Hata mama mkwe angemsamehe. Lakini ukweli ni ukweli, hata ukimfaa mtu asiyestahili, naye akasimama.

"Waheshimiwa, ni kweli. Hajatoboa kitu. Tundu hilo limetengenezwa na kiwanda."

Katibu akafunua kumbukumbu za kikao kilichopita. "Hoja ya kiwanda haikubaliki," alisoma, "na isitolewe tena na yeyote. Imesainiwa na mshtakiwa." Akafunua tena. "Adhabu ni kusimamishwa papo hapo, bila kujali cheo. Maneno hayo matatu yako kwa mkono wake."

"Na apewe siku thelathini kurudisha kipande," alimalizia Naibu, "kama ilivyo kawaida yetu."

Mkurugenzi Mkuu akainuka, kiti kikayumba. "Kipande si hicho hapo mezani!"

Afisa Ugavi akauvuta ubao taratibu kuelekea upande wake, kwa ile huzuni yake ya kweli.

"Hiki ni cha Mama Gia, mkuu. Kimeshapokelewa. Chako kiko wapi?"